Kurasa tano za Anthony Allison, na namna ya kuupima ushawishi wa mtafiti wa jenetiki

Msomaji mmoja kutoka Dodoma ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa baiolojia. Nimepewa kazi ya kuandaa semina ya idara juu ya mchango wa Anthony Allison, yule aliyehusisha selimundu na malaria. Mkuu wangu wa kitengo anataka nianze na hesabu: ameandika makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi, fahirisi h yake ni ngapi. Nimehangaika wiki mbili. Kila hifadhidata inanipa namba yake, na makala maarufu ya 1954 yenyewe ina kurasa 5 tu. Je, namba hizi zinatosha kusema mtu ana ushawishi? Halafu wapo wanaosema hakuwa wa kwanza. Nisemeje?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa hizo wiki mbili. Umeuliza jambo ambalo wengi wetu tuliofundisha jenetiki tulilipita haraka haraka, tukawaachia wanafunzi wetu waamini kwamba mtafiti mkubwa ni yule mwenye namba kubwa. Ushauri wangu ni huu: namba ziweke mwisho wa semina. Anza na dai moja tu la Allison, ulifuate tangu lilipotamkwa, lilipopingwa, lilipothibitishwa, hadi siku lilipokuwa jambo ambalo kila daktari analijua bila kukumbuka limetoka kwa nani. Huko ndiko ushawishi wake uliko.

Lakini kwa kuwa mkuu wako amezitaka, tuzungumzie namba kwanza nikueleze kwa nini zinakuchanganya. Fahirisi h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, naye ni mwanafizikia. Mtafiti ana h ya 20 ikiwa ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Ni kipimo kinachompenda mtu anayeandika mfululizo kwa miaka mingi. Aliyeandika makala tatu za kutikisa dunia, h yake haiwezi kuzidi 3. Gregor Mendel angekuwa na makala ile ya njegere ya 1866 peke yake, angebaki na 1 hata leo, na kabla ya mwaka 1900 karibu hakuna aliyemtaja. Hifadhidata nazo kila moja ina wavu wake. Google Scholar inakokota karibu kila kilichoandikwa kitaaluma, zikiwemo tasnifu na ripoti. Web of Science inachagua majarida. Orodha ya kunukuliwa yenyewe, ile ya Eugene Garfield, ilianza kuchapishwa miaka ya 1960, wakati makala unayoitafuta ilikuwa na umri wa miaka kumi. Kwa hiyo usishangae namba kupishana.

Kuna tatizo lingine ambalo kwa Allison ni kubwa zaidi. Ukitafuta jina lake unakusanya maisha matatu ya kitaaluma kwenye gunia moja. Yupo Allison wa selimundu, wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Yupo Allison wa seli, aliyekuwa London akichunguza lisosomu, vifuko vya kumeng'enya vilivyomo ndani ya seli, na jinsi vumbi la silika linavyoua makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, kazi iliyowasaidia watu kuelewa mapafu ya wachimbaji wa migodi. Na yupo Allison wa dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuja kuongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo Nairobi, kisha akahamia California kwenye kampuni ya Syntex, ambako yeye na mkewe Elsie Eugui waliitengeneza mikofenoleti mofetili, dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa. Marekani waliiidhinisha mwaka 1995 kwa wagonjwa wa figo. Hapo kwenu Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na mgonjwa wa upandikizaji popote duniani ana nafasi kubwa ya kuandikiwa dawa hiyo. Makala zake za mapitio juu ya dawa hii hunukuliwa sana, maana kila anayeandika kuhusu upandikizaji huhitaji sentensi moja ya kueleza dawa inavyofanya kazi. Ukitoa h moja kwa maisha yote matatu, wanasemina wako watadhani wanapima jenetiki, kumbe sehemu kubwa ya wanachopima ni figo.

Sasa tuingie kwenye dai lenyewe.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya, nyanda za juu upande wa Gilgil. Alisoma Witwatersrand, kisha udaktari Oxford. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, kazi yake ikiwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Alikuwa anatafuta makundi ya damu na alama nyingine za urithi. Selimundu aliipima pamoja na hayo, ikamwonyesha mchoro wa ajabu: pwani na kando ya Ziwa Victoria waliobeba jeni hiyo walizidi asilimia 20, na kwa watu wa nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Mpaka wa lugha haukueleza tofauti hiyo, wala makundi mengine ya damu. Kilichofanana pwani na ziwani ni joto, maji yaliyotuama na mbu.

Kwa kuwa ni mtu wa maabara, simama hapa kidogo uone alichokuwa anakiona. Unachukua tone la damu, unalichanganya na tone la sodiamu metabisalfaiti inayonyonya oksijeni, unafunika kwa kioo chembamba na kuzungushia vaselini ili hewa isiingie. Unasubiri. Mwanzoni chembe nyekundu ni sahani za mviringo, zote zinafanana. Nusu saa baadaye, kama damu ni ya mtu mwenye jeni ile, zinaanza kuchongoka. Nyingine zinapinda na kutoa ncha mbili kama mundu wa kukatia mpunga. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na damu iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa yangu. Nilikaa kwenye hadubini hadi fundi wa maabara alipokuja kuzima taa. Ndiyo maana hata leo siwezi kulizungumzia somo hili kwa ubaridi.

Allison alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953 na swali moja: je, anayebeba jeni moja ya selimundu, yule tunayemwita AS, anakingwa na malaria? Alilijibu kwa njia tatu, na mwaka 1954 akachapisha makala tatu katika majarida matatu tofauti. Ile unayoisema ya kurasa 5 ilitoka British Medical Journal mwezi Februari, na juu yake kuna jina moja tu.

Njia ya kwanza ilikuwa watoto. Alipima watoto 290 wa Kiganda kandokando ya Kampala. Waliobeba selimundu walikuwa 43, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 27.9. Wasiobeba walikuwa 247, na 113 walikuwa na vimelea, asilimia 45.7. Zichukue namba hizo ukokotoe mwenyewe kabla ya semina kai-mraba, kipimo cha kuona kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu. Utapata kama 4.75. Inavuka kizingiti cha kawaida cha 0.05, ila haivuki kwa mbali. Watoto wachache tu wangeangukia upande mwingine, hoja ingeyumba. Mtafiti mwoga angeificha hiyo hesabu kwenye jedwali refu. Yeye aliiweka wazi, watu waione na waipige.

Njia ya pili leo ingehitaji kupita kwenye kamati za maadili kwanza, na nataka uiseme wazi kwenye semina. Watu wazima 30 wa Kijaluo walijitolea kuambukizwa malaria ya falsiparamu, kimelea kinacholeta malaria ya hatari zaidi, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji. Kwa wasiobeba, 14 kati ya 15 walipata vimelea kwenye damu. Kwa waliobeba, 2 tu. Majaribio ya kumwambukiza mtu mzima malaria kwa makusudi yamefanyika tena karne hii Bagamoyo na Kilifi, safari hii kwa ridhaa ya maandishi, usimamizi wa karibu na bima. Wale Wajaluo 30 hawana majina katika historia hii. Mama wa watoto wale 290 hawana pia. Unapozungumza juu ya rekodi ya machapisho ya mtu, sema pia ni damu ya nani iliyoandika machapisho hayo.

Njia ya tatu ilikuwa ramani. Alipima karibu watu 5,000 wa makabila mengi ya Afrika Mashariki na kulinganisha kiwango cha selimundu na ukali wa malaria mahali walipoishi. Kwenye malaria ya kudumu jeni ilikuwa juu. Kwa Baamba wa magharibi mwa Uganda wabebaji walikaribia asilimia 40. Palipokuwa na malaria haba, jeni nayo ilikuwa haba.

Miaka miwili baadaye, 1956, akatoa takwimu za Musoma, nami nazipenda kuliko zote. Alipima watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Kipimo cha kioo peke yake hakimtenganishi AS na SS, yaani mgonjwa aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili; asiye nayo kabisa ni AA. Inabidi utumie elektroforesisi, mbinu ya kutenganisha molekuli kwa umeme, ambayo Linus Pauling na wenzake waliitumia mwaka 1949 kuonyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni molekuli tofauti. Wachanga walikuwa hivi: AA 189, AS 89, SS 9. Watu wazima: AA 400, AS 249, SS 5.

Ziandike ubaoni, uwape wenzako dakika kumi. Kwa wachanga mzunguko wa jeni S, yaani sehemu yake kati ya jeni zote za A na S, ni kama 0.19, na kwa kanuni ya Hardy na Weinberg, inayokadiria AA, AS na SS wangekuwa wangapi kama hakuna kundi linalopungua kuliko jingine, tungetarajia SS 10 hivi. Wamepatikana 9. Hapo hakuna tatizo, watoto wamezaliwa kama kanuni inavyotaka. Kwa watu wazima mzunguko ni kama 0.20, na tungetarajia SS karibu 26 na AS karibu 208. Wamepatikana 5 na 249. Wale SS tuliowatarajia wamekufa utotoni. Hilo kila familia yenye mtoto wa selimundu ilikuwa inalijua kabla ya sayansi. Jambo geni ni hao AS walio wengi kupita matarajio. Kutoka asilimia 31 ya wachanga wamekuwa asilimia 38 ya watu wazima. Kuna kitu kati ya kuzaliwa na ukubwa kilichokuwa kinawapunguza AA kuliko AS. Wachanga wale na watu wazima wale si watu walewale waliofuatiliwa miaka 20, kwa hiyo huo si ushahidi wa kufunga kesi, na mwanasemina makini atakuuliza. Mjibu kwamba ni kweli. Halafu mwonyeshe hesabu ifuatayo.

Kama SS karibu wote wanakufa kabla ya kuzaa, na jeni S imetulia kwenye 0.2, basi AA lazima wapungukiwe na kama robo ya uwezo wa kuishi na kuzaa wakilinganishwa na AS. La sivyo jeni ingeyeyuka kizazi baada ya kizazi. Njia nyingine pekee ya kuirudisha ni mabadiliko mapya ya jeni, na ili yazibe pengo hilo ingebidi yatokee kwa kasi ambayo hakuna jeni ya binadamu inayojulikana kuwa nayo. Mwaka 1955 Vandepitte na wenzake, akiwemo James Neel, walilipima hilo nchini Kongo na kuonyesha kwamba mabadiliko mapya hayatoshi kueleza wingi wa jeni hii. Huo ndio ushawishi unaoshikika: mtu anatoa dai, na mwaka mmoja baadaye wengine, nchi nyingine, kwa swali lao wenyewe, wanaufunga mlango wa pili.

Sehemu ya pili ya swali lako sasa, kama alikuwa wa kwanza. Hakuwa wa kwanza kuwaza. J. B. S. Haldane alidokeza mwaka 1949 kwamba malaria ndiyo inayoilinda jeni ya thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, katika nchi za Bahari ya Kati. Beet, daktari aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, aliripoti mwaka 1946 kwamba waliobeba selimundu walikuwa na vimelea kwa asilimia 9.8 na wasiobeba asilimia 15.3. Na hili nalisema kwa fahari: Mackey na Vivarelli, waliofanya kazi Tanganyika, waliandika mwaka 1952 kwamba faida ya mbebaji huenda ni chembe zake kutoingiliwa kirahisi na falsiparamu. Allison aliwataja kwenye makala yake, hakuwaficha. Alichokifanya yeye ni kulichukua wazo lililokuwa linaelea, kulipa ushahidi wa aina tatu kwa mpigo, na kulitamka kwa namna ambayo mtu aliyetaka kulipinga alijua apige wapi. Mimi kwa maoni yangu huo ndio mchango. Kuwaza ni kwa wengi. Kuliweka wazo mahali linapoweza kuvunjwa ni kwa wachache.

Na lilipigwa kweli. Ndani ya mwaka uleule wa 1954 na uliofuata, Moore, Brass, Foy na wenzao waliokuwa wakifanya kazi Kenya waliandika kwenye British Medical Journal ileile kwamba wao hawakuiona tofauti hiyo ya vimelea kwenye tafiti zao. Ukihesabu kunukuliwa, makala hizo za upinzani zote zinaingia kwenye akaunti ya Allison kama sifa, sawasawa na zile za kuunga mkono. Kompyuta haijui anayekunukuu kukusifu na anayekunukuu kukukanusha. Kwa hiyo chukua makala kama 10 za kila muongo zinazomnukuu, uzisome, na uandike pembeni: huyu anakubali, huyu anapinga, huyu ametumia takwimu zake, huyu ametaja jina tu kwenye sentensi ya kwanza ili aonekane amesoma. Kazi hiyo itakuchukua siku tatu, na itakufundisha kuliko namba yoyote utakayoipakua.

Kwa nini wapinzani hawakuiona tofauti? Jibu lilichukua miaka. Kuhesabu nani ana vimelea siku fulani ni kipimo dhaifu mahali ambapo karibu kila mtoto ana vimelea. Kinga ya AS iko zaidi kwenye ugonjwa mkali kuliko kwenye maambukizi. Hilo lilionekana vizuri Kilifi, ambako Thomas Williams na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo ya kuwafuatilia watoto: AS walikingwa kwa asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, 75 dhidi ya kulazwa kwa malaria, na karibu 90 dhidi ya malaria kali. Mwaka 2002 watafiti wa Asembo, magharibi mwa Kenya, walikuwa wameshaonyesha kwamba watoto wachanga wa AS walikufa kwa uchache kuliko wa AA. Mwaka 2010 Frédéric Piel na wenzake wakaichora upya ile ramani kwa dunia nzima, na kwa Afrika ikakubaliana na Allison. Na mwaka 2022 takwimu za Gambia na Kenya zikaonyesha kwamba kuna aina za vimelea ambazo kinga ya AS haizizuii vizuri. Miaka karibu 70 baada ya kurasa zile 5, swali lake bado linazaa maswali.

Hapa kuna fumbo ambalo wenzako watalipenda. Kadiri dai lilivyothibitika, ndivyo watu walivyoacha kulinukuu. Mwandishi wa leo anayesema "mbebaji wa selimundu anakingwa na malaria" huona aibu kuweka marejeo, kama vile mtu anavyoona aibu kutaja chanzo cha kusema maji yanachemka. Robert Merton, mwanasosholojia wa sayansi, alilieleza jambo hili: wazo linameza jina la mwenye wazo. Gazeti la Nature lilipotoa mwaka 2014 orodha ya makala 100 zilizonukuliwa kuliko zote, iliyoongoza ilikuwa ya 1951 juu ya namna ya kupima protini, na ilikuwa imepita mara 300,000. Za upande wa jenetiki zilizoingia nyingi ni za programu na mbinu, kama ile ya Saitou na Nei ya 1987 ya kuchora miti ya ukoo wa viumbe. Makala ya Watson na Crick ya 1953 juu ya umbo la DNA haikuwamo. Ukiwaonyesha hilo peke yake, hoja ya kuanza na namba itakuwa imeisha bila wewe kubishana na mkuu wako.

Tahadhari nyingine ya namba ni majina kwenye makala. Allison aliandika 1954 peke yake. Leo makala ya jenetiki inaweza kuwa na waandishi mamia; mwaka 2015 ilitoka moja ya inzi wa matunda yenye waandishi 1,014, wengi wao wanafunzi wa shahada ya kwanza. Sioni ubaya wowote wanafunzi kupewa haki yao, ila usiweke h ya mtu wa leo kando ya h ya mtu wa 1954 ukasema unalinganisha.

Nikirudi nyumbani, pale ushawishi unaponigusa zaidi ni kliniki. Kitu kimoja watu wamekielewa vibaya kutokana na umaarufu wa dai la Allison, nami nimekisikia kwa wazazi mara nyingi: kwamba mtoto mwenye selimundu hapati malaria. Anayekingwa ni mbebaji, AS. Mtoto wa SS, mgonjwa mwenyewe, malaria kwake ni hatari kubwa, kwa sababu damu yake tayari ni kidogo. Julie Makani na wenzake wa Muhimbili, walioanza kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu kuanzia mwaka 2004, walichapisha mwaka 2010 kwamba wagonjwa hawa hawakutwi na malaria mara nyingi kuliko wengine, lakini wakiwa nayo hospitalini hali inakuwa mbaya zaidi. Ukitoka na jambo moja la kuwaambia watu wa nje ya idara yako, litoke hilo. Kwa makadirio ya mwaka 2010, watoto kama 312,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika. Mama anayeambiwa mwanawe amekingwa, akamlaza bila chandarua, amepotoshwa na nusu ya sentensi ya kweli.

Kwa hiyo, kwenye semina fanya hivi. Fungua na kioo cha hadubini kama mna damu ya kufundishia, au picha yake. Weka namba za Musoma ubaoni bila kusema zimetoka wapi, waache wahangaike nazo. Kisha jedwali la Kampala na kai-mraba yake nyembamba, kisha wapinzani, kisha Kilifi. Wataje Beet, Mackey na Vivarelli kwa majina, na wale 30 kwa idadi yao kwa kuwa ndicho tulichobaki nacho. Mwisho kabisa, kwenye slaidi moja, weka namba za mkuu wako. Andika umezitoa hifadhidata gani na tarehe gani, na uzitenge mafungu matatu: jenetiki, seli, dawa. Fungu la jenetiki litakuwa dogo kuliko wanavyotarajia. Usilitetee, watakuwa wameshaona wenyewe ni la nini.

Na kuhusu wiki mbili ulizopoteza: zile orodha ulizopakua usizifute. Ndizo utakazochagulia makala 10 za kila muongo. Ukikwama kwenye hesabu ya Hardy na Weinberg, niandikie, nitakutumia nilivyoiandika kwa mkono.